Umeopoa Kitu Ziwani: Namna ya Kukifikisha kwa Mwenyewe

Singida haina bahari, na wapiga mbizi wenye mitungi ya hewa mgongoni ni nadra kuonekana huku. Maji lakini tunayo. Manispaa yenyewe imekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, na kule Iramba kuna Kitangiri, lenye wavuvi wake na viboko wake. Penye maji vitu hudondoka: simu ya kijana aliyeinama kuosha pikipiki, ufunguo wa mlango, pete iliyoteleza kidoleni kwa sabuni, wavu uliokatika kamba usiku. Singidani na Kindai hayana mto wa kuyatoa maji. Yanajaa kwa mvua za Desemba hadi Aprili, yananywea kwa jua la kiangazi, na kila yanaponywea ufuko unafunuka na vilivyomezwa vinaonekana. Hapo ndipo watoto, wavuvi na wapita njia wanapookota.

Mwenda bure si mkaa bure, wazee walisema, huenda akaokota. Hawakutuambia tufanye nini baada ya kuokota.

Wengi wetu tunachukulia kwamba kurudisha cha mtu ni jambo la moyo tu: ukiwa mwaminifu utarudisha, ukiwa mwizi utakaa nacho. Mimi naona moyo ni mwanzo tu. Wapo watu waaminifu kabisa waliokabidhi simu kwa tapeli aliyejua kuongea. Wapo waliorudisha pochi na wakaulizwa mbele ya kadamnasi, "Na zile laki mbili ziko wapi?" Wapo waliompigia mama wa mtu kwa nia njema wakamwangusha kwa presha. Kazi hii ina ufundi wake, na ufundi unajifunzwa.

Kwanza mwenyewe, halafu mali

Ukikuta suruali iliyokunjwa juu ya jabali, kandambili mbili zimepangwa, simu imefunikwa na fulana, na maji yametulia, usianze kuwaza namna ya kurudisha mali. Swali la kwanza ni mwenye mali yuko wapi. Inawezekana yuko nyuma ya mwamba anajikausha. Inawezekana pia yuko chini ya maji. Ita kwa sauti, uliza walio karibu, tazama ukingo wote. Kama hakuna anayeitika, piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, au 112 ya polisi, na nguo ziache pale pale zilipo. Mahali zilipowekwa na upande zilikoelekea ndivyo vitakavyowaonyesha waokoaji alikoingilia. Mtu mwenye bidii akizikusanya na kuzipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, anakuwa ameifuta alama pekee iliyokuwepo. Na wewe mwenyewe usiingie majini kumtafuta kama hujui kuogelea vizuri. Kamba, dumu tupu lililofungwa kifuniko na mti mrefu vinaokoa zaidi kuliko ushujaa.

Tuseme sasa hakuna dalili hiyo. Ni simu tu iliyodondoka ukingoni, bado inawaka, na mara inaita. Kioo kinasema "Mama". Chagua maneno yako kabla ya kupokea. Mama anayesikia sauti ya mtu mgeni kwenye simu ya mwanawe, na neno la kwanza ni "ziwani", atamalizia sentensi mwenyewe. Anza hivi: "Shikamoo mama. Simu hii nimeiokota, imemdondoka mwenyewe. Naomba uniambie namna ya kumpata." Mahali utapataja baadaye, akishatulia. Usiseme mwenyewe yu mzima kama hujamwona; sema unachokijua tu. Naye akikuambia hajazungumza na mwanawe tangu jana na alikuwa na mawazo, basi umerudi kwenye aya iliyotangulia, na 112 ndiyo simu yako inayofuata.

Si kila anayepiga ni wa kuaminiwa, lakini. Anaweza kuwa mdai wake. Mwombe apeleke ujumbe tu, na simu umkabidhi mwenyewe.

Si kila kisicho na mtu kimepotea

Kabla ya kuinua chochote jiulize kitu hicho kimefikaje hapo. Kuna kilichopotea, kuna kilichoachwa kwa makusudi ili mwenyewe arudi, kuna kilichotupwa, na kuna kilichofichwa. Nanga yenye kipande cha kamba chini ya maji ya Kitangiri haijatelekezwa: mvuvi aliikata kamba kwa sababu ya upepo au kiboko, na anapajua mahali. Mtego wa samaki uliozama nao ni hivyo hivyo. Ukikuta chungu na kitambaa vimewekwa chini ya mwamba mahali pasipopita watu, viache; mwenye tambiko lake hakukosea njia. Ndala zilizo ukingoni ziache. Mwenyewe atarudi kuzitafuta pale pale alipozivua, na wewe ukizipeleka "mahali salama" utakuwa umezipoteza kwa mara ya pili.

Utaratibu huu si mgeni. Katika hadithi ya Mtume iliyopokewa na Zaid bin Khalid al-Juhani, iliyomo kwa Bukhari na kwa Muslim, aliyeuliza juu ya mbuzi aliyepotea aliruhusiwa kumchukua, maana asipomchukua yeye atachukuliwa na mbwa mwitu. Aliyeuliza juu ya ngamia alikemewa: ngamia ana miguu yake na maji yake tumboni, mwache mpaka mwenyewe amkute. Kwa hiyo kipimo ni hatari. Kitu kikibaki hapa, kitaharibika au kitaibwa kabla mwenyewe hajarudi? Simu mvuani, ndiyo. Mtumbwi uliofungwa kwenye mti, hapana.

Vya kufichwa na kutupwa vina hatari yake. Panga, bunduki, risasi, au begi lililofungiwa mawe ili lizame havirudishwi kwa mtu yeyote. Usiviguse, usivipige picha ya kutuma kwenye makundi, piga 112 na usubiri umbali wa kutosha. Simu kumi ndani ya mfuko mmoja wa plastiki nazo si bahati yako; hiyo ni mali ya wizi iliyotupwa na mtu aliyekuwa anakimbizwa, na atakayekutwa nayo ndiye atakayeeleza.

Wavu unahitaji neno lake. Wavu uliokatika huendelea kuua samaki bila faida ya mtu, kwa hiyo kuuopoa ni jambo jema hata kama mwenyewe hajulikani. Lakini kabla ya kumtafuta, angalia ni wavu wa aina gani. Kama ni kokoro au zana nyingine inayokatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009, ukiurudisha kwa mwenyewe utakuwa umemsaidia kuvunja sheria. Huo wa afisa uvuvi, au wa kikundi cha ufukweni cha kusimamia rasilimali za uvuvi, yaani BMU. Kama ni wavu halali, peleka mwaloni. Mvuvi anautambua wavu wake kwa mafundo aliyoyashona mwenyewe, kama mama anavyoitambua nguo aliyoitia kiraka.

Nasema pia na vijana wa Singida waliokwenda kutafuta maisha Nungwi au Mafia na sasa wanabeba mitungi na kuwaongoza wageni chini ya bahari. Kanuni ni hizi hizi, ila bahari ina mali za namna mbili. Kamera au miwani iliyomdondoka mtalii wiki iliyopita ni kitu kilichopotea, kina mwenyewe, na anatafutika. Mabaki ya meli ni jambo jingine. Sheria ya meli ya Tanzania Bara ya mwaka 2003 inataka vitu vya chombo kilichozama viripotiwe kwa mpokeaji wa mabaki aliyewekwa na serikali, na aliyeviona havimiliki kwa kuviona. Vya kale zaidi, huko huko Bara, viko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863: gudulia, shanga, kipande cha chombo cha Kichina. Hivyo ukivikuta, viache vilivyokaa na utoe taarifa. Kitu cha kale kikiondolewa mahali pake kinapoteza nusu ya habari yake.

Na kuna vyombo ambavyo ni makaburi. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander I kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, na manowari ya Waingereza HMS Pegasus iko kwenye maji ya Zanzibar tangu vita vya 20 Septemba 1914. Kitu kilichotoka kwenye chombo cha namna hiyo hakipelekwi kwa familia mkononi na mtu aliyekiokota, hata angekuwa na huruma kiasi gani. Hupitia kwa polisi na wenye mamlaka, ili ndugu waambiwe na mtu anayeweza kujibu maswali yanayofuata. Maswali hayo huwa mengi, na mwokotaji hana majibu.

Ukikiinua, ni amana

Kifungu cha 71 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema jambo ambalo mtu mzima yeyote wa Kinyaturu au Kinyiramba angekuambia bila kitabu: anayeokota mali ya mwingine na kuichukua mikononi mwake ana wajibu ule ule wa mtu aliyekabidhiwa mali aitunze. Maana yake, hulazimiki kuinua. Ila ukiinua, umeshika amana, na ukiizembea utaulizwa.

Mpaka kati ya mwokotaji na mwizi uko kwenye kifungu cha 258 cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 16. Aliyeokota kitu na kukitumia hahesabiwi mwizi kama wakati huo hakumjua mwenyewe na alikuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Soma tena nusu ya pili. Zamani utetezi huo ulikuwa mpana. Leo, kwa simu angalau, umebaki mwembamba kama uzi. Tangu tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na kila laini iliyo hai ina jina na namba ya NIDA nyuma yake. "Sikumjua mwenyewe" haimsaidii mtu aliyetoa laini, akaitupa, na kupeleka simu kwa fundi ikaflashiwe. Laini aliyoitupa ndiyo iliyokuwa jibu.

Basi itunze amana. Piga picha ya kitu pale kilipo kabla ya kukigusa, mazingira yaonekane. Kama ni pochi au mkoba, usifungue peke yako. Muite mtu, ikiwezekana mtu mzima asiye rafiki yako wa karibu, muhesabu pesa pamoja, muandike kwenye karatasi kiasi na vitu vilivyomo, mtie sahihi wote. Hatua hii watu wanaiona ya kujishuku. Ndiyo itakayokuokoa siku mwenyewe atakapodai kulikuwa na zaidi, na huenda hadanganyi: inawezekana kuna mtu aliyepita kabla yako.

Simu iliyotoka kwenye maji ya chumvi ina haraka yake. Usiiwashe kuona kama bado nzima, wala usiichaji. Umeme ukipita kwenye chumvi ndio unaomaliza kazi iliyoanzwa na maji. Kama betri inatoka, itoe. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, suuza simu kwa maji safi yasiyo na chumvi, maana chumvi ikikaukia ndani huendelea kula shaba taratibu, kisha iache ikauke kwenye hewa na kivuli, si juani, na si ndani ya mchele. Mchele huingiza vumbi na wanga kwenye matundu na haukaushi zaidi ya hewa ya Singida, ambayo kwa ukavu wa kiangazi haina mpinzani. Simu inaweza kuwa imekufa na bado picha za mtoto wa mtu ziko salama kwenye kadi. Kadi hiyo usiitie kwenye simu yako "kuangalia tu".

Laini nayo usiitie kwenye simu yako, ijapokuwa inavutia, kwa sababu majina yanaweza kutokea. Pesa za mwenyewe zimefungwa na laini ile, na kitu kikipungua, rekodi za mtandao zitaonyesha ilikuwa kwenye simu ya nani. Ipeleke kwenye duka la huduma kwa wateja la mtandao husika. Mgongoni mwa laini kuna namba ndefu. Mhudumu akiiingiza atajua ni ya nani. Hatakupa jina, na asikupe, lakini anaweza kumtafuta mwenyewe kwa njia zake.

Kama kitu umekiona lakini kiko kirefu, au chini ya matete, usikifuate. Hata mwenye cheti cha awali cha kupiga mbizi, pamoja na mitungi yake, amefundishwa kutovuka mita 18; wewe una pumzi ya kifua kimoja na tope lisiloonyesha mkono wako. Chukua alama. Singida ina faida ambayo pwani wangeitamani: majabali kila upande. Ukiwa pale pale, tafuta mawili yanayopangana, la mbele likiziba la nyuma. Huo ni mstari wa kwanza. Geuka upande, tafuta jozi nyingine. Mistari miwili inapokutana ndipo kitu kilipo, na utaweza kuparudia wiki ijayo na watu wenye mtumbwi. Wavuvi wa pwani hufanya hivyo kwa minara na minazi. Unaweza pia kuacha dumu dogo lililofungwa kwa kamba kwenye jiwe, lakini dumu huibwa. Jabali haliibwi.

Tangaza nusu

Hapa ndipo waaminifu wengi wanapoharibu. Wanapiga picha nzuri, wanaandika kila kitu, wanarusha kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya kwaya na ya wahitimu wa sekondari: "Imeokotwa simu nyeusi, kioo kina ufa kona ya kulia, kava la Simba." Baada ya dakika kumi kila shabiki wa Simba mkoani ana simu yenye ufa kona ya kulia.

Katika hadithi ile ile ya al-Juhani, mwokotaji anaagizwa kwanza akijue vizuri chombo cha ile mali na kamba iliyokifunga, ndipo atangaze, kwa mwaka mzima. Mpangilio huo una akili. Chombo na kamba ni siri ya mwokotaji. Anayekuja kudai ndiye anayepaswa kuvieleza. Kwa hiyo tangaza aina ya kitu na eneo pana: "Imeokotwa simu upande wa Singidani. Mwenyewe aje na maelezo." Rangi, kava, ufa, kiasi cha pesa na siku yenyewe baki navyo. Kiasi cha pesa kamwe kisitajwe, hata kwa mkeo.

Kitambulisho usikirushe mtandaoni. Picha ya kadi ya NIDA yenye namba kamili inaweza kumsaidia tapeli kujifanya mwenye kadi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, taarifa za mtu si kitu cha kumwagwa kwa nia njema. Kama ni lazima, andika jina moja na wilaya tu. Njia bora zaidi ni kukipeleka: kadi ya NIDA kwa ofisi ya NIDA ya wilaya, kadi ya benki kwenye tawi lolote la benki hiyo, pasipoti kwa Uhamiaji. Wakati huo mwenyewe huenda ameshatoa taarifa ya upotevu polisi, jambo ambalo siku hizi hata mtandaoni linawezekana, hivyo kituo nacho ni mahali pa kuulizia.

Nje ya simu bado kuna njia za zamani na hazijachakaa: tangazo baada ya sala ya Ijumaa, tangazo la Jumapili kabla watu hawajatoka, karatasi kwenye duka la karibu na ufuko, mjumbe wa nyumba kumi, redio ya mjini. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamtaka mtu akiokota ng'ombe, punda au nguo ya ndugu yake asijifanye hakuona, na kama mwenyewe yuko mbali au hajulikani, akitunze nyumbani mpaka aje kukitafuta. Msikitini na kanisani, tangazo la kilichookotwa halihitaji kuelezwa maana.

Mdai akija, muulize maswali yasiyo na jibu ndani yake. Ukiuliza "Ina ufa, siyo?" umeshampa. Uliza "Nieleze simu yako ilivyo," kisha nyamaza. Ukimya unamsumbua mwongo kuliko swali. Kwa simu hai ushahidi bora ni kumwona akiifungua mbele yako kwa namba yake ya siri au kidole. Kwa simu iliyokufa, boksi au risiti yenye namba ya IMEI, ile inayojitokeza ukibonyeza *#06# na ambayo kwenye baadhi ya simu imeandikwa pia kwenye trei ya laini. Kwa ufunguo, alete kufuli. Kwa pete, aeleze maandishi ya ndani au uivishe kidoleni mwake mbele ya mashahidi. Kwa wavu, ukubwa wa jicho, aina ya maboya na mahali ulipowekwa.

Akiwa mbali, tuseme abiria wa basi la Mwanza kwenda Dar es Salaam aliyeshuka kupiga picha ziwani akasahau pochi, kuna jaribio dogo ambalo watu wachache hulitumia. Anza kama unayetuma pesa kwenye namba yake. Kabla ya kuweka namba yako ya siri, mtandao utakuonyesha jina lililosajiliwa. Lisome, lilinganishe na lililo kwenye kadi uliyoiokota, kisha ghairi. Si ushahidi kamili, maana laini ya mtu inaweza kuwa imesajiliwa na kaka yake, lakini anayejiita jina moja na laini yake kusema jingine ana jambo la kueleza. Anayekuambia "nitumie nauli nije niichukue" hana la kueleza, kata simu.

Kukabidhi, na hesabu ya asante

Kabidhi mchana, mahali pa watu, mbele ya shahidi: ofisi ya mtaa, kituo cha polisi, kaunta ya kampuni ya mabasi pale stendi ya Misuna. Si usiku, si nyumbani kwako, na si kwa dereva wa bodaboda "aliyetumwa na dada". Andikeni kilichokabidhiwa, kila mmoja abaki na nakala. Kikipelekwa kwa basi, kifungwe mbele ya karani, risiti ya mzigo ipigwe picha na itumwe kwa mwenyewe, naye alipie huko kinakofika. Pesa taslimu usizitie kwenye mzigo; zitumwe kwa simu, kwa namba ile uliyoithibitisha.

Zawadi ina adabu yake. Kumwambia mtu "toa hamsini ndipo nikupe" ni kumkomboza mali yake mwenyewe, na hapo ule uaminifu wote umegeuka biashara. Gharama ni jambo tofauti: kama ulitumia nauli kutoka Kiomboi na vocha ya kumtafuta, mtajie kiasi hicho waziwazi bila aibu. Hata Sheria ya Mikataba inamtambua mwokotaji kwa hilo, na zawadi iliyotangazwa hadharani na mwenyewe anaweza kuidai. Zaidi ya hapo ni hiari ya mwenyewe. Na wenyewe wa vitu nao wajifunze. Mtoto aliyekurudishia simu ya laki sita ukampa pipi na kumpapasa kichwa, umemfundisha hesabu ambayo siku nyingine atakumbuka matokeo yake. Mpe kitu cha maana, na mpe mbele ya mzazi wake, kusiwe na maneno.

Kukaa na kitu muda mrefu kunachosha, na jirani wanaanza kuuliza mbona hujarudisha. Usipompata mwenyewe katika siku chache, kipeleke kituo cha polisi. Najua watu wanaogopa kwamba mleta mali ndiye atakayehojiwa. Ndiyo maana unakwenda na mwenyekiti wa mtaa au yule shahidi mliyehesabu naye, na picha zako, na karatasi yenu. Taarifa iandikwe kitabuni mbele yako, upewe namba yake ya RB, na uhakikishe kilichoandikwa ni kile ulichotoa: si "simu moja" bali aina, rangi na IMEI. Nakala moja abaki nayo mwenyekiti. Yako weka pamoja na risiti zako za kiwanja, na namba ya simu uliyoiacha kituoni ikibadilika, rudi uibadilishe.